Corolla linalala Ijumaa, Jumatatu haliwaki

Swali: "Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Sahare hapa Tanga na nafundisha Pongwe. Gari langu ni Toyota Corolla AE110 ya mwaka 1998. Siku za kazi linawaka vizuri tu. Nikilipaki Ijumaa saa 11 jioni nisiliguse tena, Jumatatu saa 12 asubuhi stata inalia tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia. Nimeshanunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja. Fundi wa kwanza anasema ni altaneta. Wa pili anataka avue nyaya zote za ndani afunge upya. Redio si ile iliyokuja na gari, na aliyekuwa nalo kabla yangu alifunga alamu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwalimu. Betri mbili kwa mwaka mmoja ni hasara kubwa, na kinachoniuma ni kwamba huenda zote mbili zilikuwa nzima siku ulipozinunua. Usinunue ya tatu. Usikubali altaneta (ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka) ishushwe wala nyaya zivuliwe mpaka mtu akuonyeshe kwenye mita ni ampea ngapi zinatoka kwenye betri gari likiwa limezimwa. Hilo ni jambo la kupima, halina haja ya kubahatisha, na vifaa vyake ni maltimita ya kawaida, spana namba 10 na subira ya nusu saa.

Kabla hujagusa chochote, maelezo yako yenyewe yanatupa hesabu nzuri. Toka Ijumaa saa 11 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi ni saa 61. Tuseme betri yako ni ya saizi ya NS60, ambayo ikiwa mpya hubeba ampea-saa 45 hivi, yaani kama ampea 1 kwa saa 45. Stata haisubiri betri iishe kabisa ndipo ishindwe. Ikishapoteza zaidi ya nusu, mara nyingi unachosikia ni hiyo tik-tik-tik. Kwa hiyo mwisho wa wiki zinapotea kama ampea-saa 25. Gawanya kwa saa 61, unapata ampea 0.4. Sasa chukua balbu ndogo ya wati 5, kama zile za kwenye buti: kwa volti 12 huvuta ampea 0.42, na kwa saa 61 inakuwa imekula ampea-saa 25 na ushei. Balbu moja ndogo inatosha kukuacha nje ya geti Jumatatu. Na kwa kuwa betri yako imeshaishiwa mara nyingi, ujazo wake umepungua, basi hata ampea 0.2 zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Hesabu hii inaondoa washukiwa wengi. Saa ya dashibodi na kumbukumbu za redio na kompyuta ya injini, zikiwa salama, kwa gari la umri huo huvuta miliampea 20 au 30 tu zote pamoja. Kwa saa 61 hazifikishi hata ampea-saa 2. Taa za breki zilizokwama nazo hazifanani na tatizo lako: balbu mbili za wati 21 huvuta ampea 3.5, na gari lingekugomea kesho yake asubuhi, lisingesubiri Jumatatu. Shoti kamili ingeshaunguza fyuzi. Na kama altaneta ingekuwa haichaji kabisa, ungekwama katikati ya wiki, pengine njiani ukitoka Pongwe. Tunachotafuta ni kitu kinachovuta kidogo kidogo, kati ya ampea 0.2 na 0.5, mchana na usiku, bila kelele.

Hata hivyo, betri yenyewe lazima iondolewe shaka kwanza, kwani kuna betri inayojimaliza ndani hata ikiwa mezani. Ipeleke ikachajiwe taratibu, kwa ampea 4 au 5, usiku kucha. Usitegemee safari ya Sahare hadi Pongwe ijaze betri iliyolala tupu. Altaneta hurudisha kilichotumika kuwashia, lakini kufufua betri iliyokwisha ni kazi ya chaja. Baada ya kuchajiwa iache itulie saa kadhaa, maana ikitoka kwenye chaja au safarini husoma juu kuliko ukweli wake. Ikitulia, betri iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 ina robo tatu, 12.2 ina nusu, 12.0 ina robo, na 11.8 imekwisha.

Ijumaa hiyo fungua kibano cha hasi, kifunge kitambaa kisirudi kugusa kichwa cha betri, uache hivyo hadi Jumatatu. Saa na stesheni za redio zitapotea, na kama redio yako inadai namba ya siri itafute mapema. Jumatatu pima kabla ya kurudisha kibano. Ikisoma 12.5 au zaidi, kisha ukaifunga gari likawaka kwa nguvu, betri haina kosa na gari ndilo linalokula. Ikiwa imeshuka hadi 12.2 ikiwa peke yake, haijaunganishwa na kitu, hiyo ni mbovu ndani, na kama bado ina warranti irudishe dukani. Gari likiwa linanguruma pima tena: kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye vichwa vya betri ni afya. Chini ya 13.5 bila taa wala feni kuwashwa, chaji haitoshi, na hilo nalo lishughulikiwe.

Tuseme betri imepona shaka. Sasa tunapima mvuto wenyewe, na hapa ndipo wengi wanaharibu, hata mafundi wenye miaka mingi kazini. Wanaunganisha mita, wanaona ampea 2, wanaanza kuchomoa fyuzi ovyo. Gari lililofunguliwa mlango sasa hivi halijalala: taa za ndani zinawaka, alamu inajipanga, redio inamalizia kuzima. Lazima lipewe muda. Kwa Corolla lako dakika 15 hadi 20 zinatosha, kwani halina kompyuta nyingi. Magari ya miaka ya karibuni huhitaji hata dakika 45.

Fanya hivi. Fungua boneti. Kama alamu ina swichi chini ya boneti, ibane ibaki imebonyezwa. Fungua mlango wa dereva ili ufikie fyuzi za ndani, kisha bonyeza ile swichi ndogo yenye mpira kwenye nguzo ya mlango uifunge kwa utepe wa karatasi wenye gundi, gari liamini mlango umefungwa. Toa ufunguo. Vua pete na saa ya mkononi, na asiwepo anayevuta sigara karibu, kwani betri inayochajiwa au iliyotoka kuchajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Waya mwekundu wa mita uhamishie kwenye tundu la ampea 10. Lile la miliampea 200 usiliguse, kwani fyuzi yake ndani ya mita itakufa mara tu gari litakapovuta zaidi. Legeza kibano cha hasi lakini usikitoe bado. Ncha moja ya mita ishike kwenye kibano, nyingine kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ndipo ukivute kibano polepole bila ncha kuachia. Kwa namna hiyo umeme haukatiki hata sekunde moja, na gari haliamki upya. Ukikata umeme na kuurudisha, hitilafu nyingine hupotea kwa siku kadhaa, hasa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyonata au redio iliyokwama, na utadhani umepona.

Mambo mawili usiyafanye katu mita ikiwa hapo: kuwasha gari, na kugusisha ncha hizo kwenye hasi na chanya za betri moja kwa moja. Stata huvuta zaidi ya ampea 100. Zile mita ndogo za njano za bei nafuu mara nyingi hazina fyuzi kwenye tundu la ampea 10, basi ukikosea kinachoungua ni mita na pengine vidole vyako. Mwisho wa kazi rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Ukisahau, siku utakayopima betri utapiga shoti.

Subiri dakika 20, usome. Chini ya 0.05, yaani miliampea 50, gari lako halina tatizo la kuvuja siku hiyo. Ukisoma 0.30 au 0.40, umeshaliona kwa macho lile tulilolikadiria kwa hesabu.

Kabla ya fyuzi hata moja, malizia taa zilizofichika. Weka simu ndani ya buti ikirekodi video, funga, hesabu hadi kumi, fungua utazame. Fanya hivyo na kisanduku cha mbele ya abiria kama kina taa. Angalia pia vioo vya kwenye vizuia jua. Mara nyingi utafutaji unaishia hapa, bila spana.

Kama taa zote zimezima, chomoa fyuzi moja moja ukiwa na mtu wa kukusomea mita. Anza na zile zenye umeme hata ufunguo ukiwa nje. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo kuna fyuzi imeandikwa DOME, inayolisha taa za ndani, saa na kumbukumbu ya redio. Mimi huanza nayo, kwa sababu ndiyo waya ambao wafunga redio na alamu hupenda kuungia. Ukichomoa fyuzi na namba ikaanguka kutoka 0.38 hadi 0.03, umelipata tawi. Irudishe, kisha chomoa kimoja kimoja vitu vinavyolishwa na tawi hilo hadi namba ianguke tena. Fyuzi haina kosa. Inakuonyesha njia tu, na wanaobadilisha fyuzi wakadhani wametibu wanapoteza siku. Gusa pia rilei kwa kidole. Gari limelala saa nzima halafu rilei moja ina joto, hiyo imebaki imeshika.

Kwako wewe, mwalimu, ningeweka dau kwenye redio. Redio za kufunga zina waya wa njano unaotakiwa uwe na umeme wakati wote kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu unaotakiwa upate umeme ufunguo ukigeuzwa tu. Wafungaji wengi huzisokota pamoja, ama kwa haraka ama kwa kuwa mteja ameomba redio iimbe bila ufunguo. Redio ikifungwa hivyo haijui kama gari limezimwa. Unabonyeza kitufe, kioo kinakuwa cheusi, lakini ndani iko macho, na zile zenye kioo kikubwa mfano wa simu ndizo mbaya zaidi. Kama kuna amplifaya ya spika, angalia waya wake mwembamba wa kuiamsha, mara nyingi wa bluu. Ukiwa umeungwa kwenye umeme wa kudumu, amplifaya hailali kamwe. Jaribio lake ni jepesi: mita ikiwa imeunganishwa, chomoa soketi nyuma ya redio. Namba ikianguka, tatizo lako ni la nusu saa ya kutenganisha nyaya mbili, na yule aliyetaka kuvua nyaya za gari zima hana kazi kwako.

Alamu ya mwenye gari wa zamani naitazama kwa jicho lile lile. Ikiwa rimoti yake imepotea na huitumii, itolewe yote. Kuiacha ikae pale ikipepesa kataa kake kekundu hakuna faida. Lakini itolewe na mtu anayejua ilikokata waya wa stata au wa pampu ya petroli, arudishe maungio hayo kwa solda na kuyafunika. Akinyofoa tu, gari halitawaka.

Sasa fundi wako wa kwanza. Inawezekana amesema kweli, ingawa huenda kwa sababu asiyoijua. Altaneta inaweza kuchaji volti 14 safi kabisa ukiwa njiani na bado ikala betri usiku. Ndani yake kuna dayodi, vipande vinavyoruhusu umeme uende upande mmoja tu, kutoka altaneta kwenda kwenye betri. Mmoja ukianza kuvuja, umeme unarudi kinyume gari likiwa limepaki. Na njia hiyo haipiti kwenye fyuzi ndogo za ndani: waya mnene wa altaneta huingia kwenye fyuzi kubwa ya kwenye boneti na kwenda betri. Ndiyo maana mtu huchomoa fyuzi zote ndogo, mita ikabaki pale pale, akakata tamaa na kusema nyaya zote zimeoza. Niliwahi kuletewa gari la namna hiyo kutoka Mabawa, nyaya za dashibodi zimeshavuliwa nusu. Mita ilisoma 0.35 fyuzi zikiwa zote nje. Tulipofungua waya mnene nyuma ya altaneta ikabaki 0.02.

Jaribio lake ndilo hilo. Toa kwanza kibano cha hasi, na mita pia. Fungua nati ya waya mnene nyuma ya altaneta pamoja na soketi yake ndogo, uzungushie waya huo utepe wa umeme vizuri kwa kuwa una moto wa betri moja kwa moja, kisha rudisha mita, subiri tena dakika 20, usome. Ikiwa imeshuka, altaneta inavuja, na fundi mzuri hubadilisha pleti ya dayodi peke yake kama spea inapatikana. Si lazima ununue altaneta nzima. Kuna wanaokwambia ushike altaneta alfajiri uone kama ina joto. Uvujaji mkubwa kweli huipasha, lakini ampea 0.4 ni wati 5 tu kwenye chuma kizito kama kile. Mkono hautahisi kitu. Amini mita.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo wauzaji wa Dar wakikutumia betri kwa basi hawalifikirii. Sahare na Raskazone zinapokea hewa ya bahari yenye chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu wa usiku hupitisha umeme. Tazama juu ya betri: kama kuna utando mweupe au wa kijani, weka mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye hasi, nyekundu iguse plastiki ya juu sehemu mbalimbali. Ikisoma volti moja nzima au zaidi, uchafu huo unapitisha umeme. Peke yake haufikishi ampea 0.4, ila unakula kidogo kila siku, na ule ukungu kwenye vibano unazuia chaji isiingie sawasawa. Safisha kwa maji ya uvuguvugu yaliyokorogwa magadi, vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa barabara magadi yasiingie ndani. Suuza, kausha, kwangua vibano hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi. Fuata na waya wa hasi unaoshika bodi na injini, kwa sababu hapo kutu hujificha chini ya boliti. Mipira ya swichi za milango ikipasuka, chumvi huingia humo pia, na taa ya ndani ikaanza kufifia bila kuzima kabisa. Mchana wa jua la Tanga hutaiona. Itazame usiku.

Kama mita inasoma vizuri mchana na gari bado linakufa, tatizo linakuja na kuondoka. Hapo pima volti saa 2 usiku na saa 12 asubuhi kwa siku kadhaa, uandike kwenye daftari pamoja na hali ya siku: mvua ilinyesha, buti lilifunguliwa, redio ilitumika. Kushuka kutoka 12.6 hadi 12.3 kwa usiku mmoja ni dalili ya wazi, na daftari ndilo litakaloonyesha kinachoongozana nayo.

Ukiwa kwenye fyuzi, kagua kitu kimoja zaidi kwa ajili ya usalama wako na wa watoto unaowapa lifti. Ukikuta fyuzi imeondolewa ikawekwa kipande cha waya au karatasi ya sigara, simamisha kila kitu hadi iwekwe fyuzi ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko. Gari linalovuja umeme pengine lina waya uliochunika unaogusa bodi. Fyuzi halisi ingekatika, lakini kipande cha waya kitaacha gari liungue. Kwa sababu hiyo hiyo siipendi ile swichi ya kukata betri kama dawa ya tatizo hili. Kwa mtu anayesafiri mwezi mzima inafaa. Kwako itaficha hitilafu, na siku utakayosahau kuizima utarudi ulipokuwa.

Ukimpelekea fundi, mwombe akuonyeshe namba kabla hajaanza na namba baada ya kumaliza, zote gari likiwa limelala dakika 20. Ikiwa kabla ni 0.38 na baada ni 0.03, mlipe kwa moyo mweupe. Nami niandikie namba tatu: volti za betri baada ya kulala peke yake mwisho wa wiki, volti injini ikinguruma, na ampea gari likiwa limelala. Ongeza ni fyuzi gani iliyoishusha, au kama hakuna iliyoishusha, nikuelekeze pa kufungua kabla hujatoa hela.